Mwana Ajikuna Usiku Kucha: Mzazi Atafute Nini?

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhani, Malindi)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Nilipoambiwa nitayarishe mada, wengi walitaraji nitazungumzia adabu za funga au fadhila za kumi la mwisho. Hayo wameyazungumza mashekhe zetu, na wao ni wajuzi kuliko mimi. Mimi niliomba ruhusa nizungumzie ngozi ya mtoto mdogo. Najua kuna waliocheka kimoyomoyo. Lakini aliyewahi kulala chumba kimoja na mtoto mwenye ukurutu hatacheka, kwa sababu yeye anaijua ile sauti ya kucha usiku, kukwaruza kusikokwisha, mpaka shuka inakuwa na damu na mama ameketi kitandani hajui afanye nini. Halafu saa tisa aamke apike daku.

Mimi sauti hiyo niliijua kwa mpwa wangu. Nilikuwa likizo, nikakaa kwa dada yangu hapa Malindi. Mtoto alianza kupata ukurutu akiwa na miezi mitatu, na nilipofika alikuwa amekaribia kutimiza miaka miwili. Miaka miwili hiyo yote dada yangu alikuwa akitafuta dawa. Nataka nikusimulie alivyotafuta, kwa sababu naamini wengi mmepita njia hiyohiyo, na wengine mko njiani sasa hivi.

Kwanza alianza na bibi yetu, na bibi alianza na mkilifi. Tanzania wauita mwarobaini, wakisema hutibu maradhi arobaini. Sisi twauita mkilifi, utadhani uliumbwa hapa Kilifi, na kumbe asili yake ni Bara Hindi. Majani yakachemshwa, mtoto akaogeshwa. Kuogeshwa hakukumdhuru sana, ila yalimkausha ngozi zaidi. Hatari ilikuwa ile hatua ya pili, pale jirani aliposhauri anyweshwe matone ya mafuta ya mkilifi. Alhamdulillahi bibi alikataa, akasema ni machungu mno kwa mwana. Mimi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kwa mdomo wakapata degedege na kuharibika ini, na wengine wakafariki. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, jani la kuogea ni jambo moja, na kumnywesha mtoto mafuta yake ni jambo jingine kabisa. Usiyachanganye.

Baada ya mkilifi yakaja mafuta ya zeituni. Hapa naomba unistahimilie. Sisi tuliosoma madrasa twajua zeituni ni mti uliotajwa kwa baraka, na dada yangu alinunua chupa ya bei ghali kwa nia njema kabisa. Mtoto akazidi kuwasha. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu wazima matone machache ya mafuta ya zeituni mkononi kila siku kwa wiki kadhaa, wakapima, wakaona ule utando wa juu wa ngozi umedhoofika. Je, hilo lapunguza baraka yake? Hasha. Kiungo cha baraka chaweza kuwa kizuri mezani, na kisifae ngozi iliyopasuka ya mtoto mchanga. Asali nayo ni shifaa, na bado hatuitii mtoto machoni.

Haya. Zeituni ikashindwa, akaenda kwenye kemisti. Muuzaji hakumvua mtoto nguo wala kumwangalia. Alisikia tu neno "kuwashwa", akatoa dawa ya upele, ile nyeupe ya kupaka mwili mzima. Dawa ile ni nzuri kwa upele, lakini kwenye ngozi ya ukurutu ni moto. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Basi tuelewane hapa, maana makosa haya hufanyika kila siku. Upele huletwa na kidudu na huambukiza. Mara nyingi utakuta nyumba nzima inajikuna, na vipele viko katikati ya vidole na viganjani. Ukurutu hauambukizi. Unaweza kumbeba, kumbusu, kulala naye kitanda kimoja, hupati chochote. Kwa mtoto mchanga hupenda mashavu na kichwa; akikua huhamia mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingo na vifundo. Wenzetu wa Tanzania huuita pumu ya ngozi, na jina hilo limekaa mahali pake, kwa sababu mara nyingi hutembea katika ukoo mmoja na pumu ya kifua na mafua ya kupiga chafya yasiyokwisha. Ukiuliza vizuri utakuta babake au shangazi yake alikuwa na mojawapo.

Na jambo jingine. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, vinakwambia tafuta wekundu. Ngozi zetu hazionyeshi wekundu huo. Utaona weusi uliozidi, au rangi ya jivu, au vipele vidogovidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na pale panapokunwa sana ngozi inakuwa nene na ngumu. Ikipoa huacha mabaka, meusi au meupe. Yale mabaka meupe ndiyo yaliyotuletea balaa, kwa sababu kuna mtu mtaani alitamka neno ukoma. Neno likitoka halirudi. Kuna nyumba watoto wao wakakatazwa kucheza na mpwa wangu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatengwa, na wala si ukoma.

Dada yangu sasa akaingia hofu, na mwenye hofu hushika lolote. Akapelekwa kwa mtu, mtoto akachanjwa kwa wembe mgongoni ili uchafu utoke. Ngozi ambayo tayari ina nyufa ikaongezewa nyufa. Vidonda vikatunga usaha. Mavyaa wake akasema tatizo ni maziwa ya mama, basi dada akaacha samaki, akaacha pweza, akaacha mayai. Mtoto alipoanza kula naye akakatazwa hivyohivyo, na maziwa ya ng'ombe juu yake. Sisi watu wa pwani, ukimwondolea mtoto samaki, mayai na maziwa, umembakishia nini? Ugali na mchicha? Alikonda, na ukurutu ukabaki palepale. Kweli wako watoto wenye mzio wa chakula fulani, na dalili yake mara nyingi huja haraka: midomo kuvimba, kutapika, vipele vya ghafla muda mfupi baada ya kula. Huyo apelekwe kwa daktari. Lakini kumnyima mtoto vyakula vyote vya kujenga mwili kwa kubahatisha ni kumwongezea maradhi ya pili.

Sasa nafika penye uzito, na hapa ndipo nataka unisikilize hata kama umechoka na saumu.

Siku moja shoga yake dada alimletea krimu. Haikuwa na karatasi ya maelezo, sanduku lake lilishatupwa. Akapaka jioni, na baada ya siku tatu ngozi ikawa laini kama ya mtoto aliyezaliwa juzi. Dada alilia kwa furaha. Alinipigia simu chuoni usiku kunipa habari. Akaendelea kupaka, asubuhi na jioni, uso na mwili, kama mtu anavyopaka mafuta ya kawaida. Miezi minne. Akiacha siku mbili, ukurutu unarudi kwa kishindo kuliko mwanzo, basi anapaka zaidi. Mashavu ya mtoto yakawa membamba, mishipa midogo ikaonekana, rangi ikapauka. Watu mtaani wakamsifu eti mtoto ametakata.

Ile ilikuwa klobetasoli. Ni steroidi, tena miongoni mwa zilizo kali kabisa katika jamii yake, na ndiyo hiyohiyo ambayo dada zetu wengine hujipaka wakitaka weupe. Sikusema haya ili uogope steroidi zote, na tafadhali usinielewe vibaya. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten, walionyesha kwamba dawa ya jamii hii ikipakwa hutuliza ukurutu, na tangu hapo mamilioni ya watoto wamelala usingizi kwa sababu yake. Ni dawa njema. Lakini iko dhaifu, iko ya kati, iko kali. Iko ya uso na iko ya mguu. Iko ya mtoto na iko ya mtu mzima. Anayekuuzia bila kukwambia ni ipi, ya wapi na ya siku ngapi, amekupa kisu bila mpini.

Na kinyume chake nimekiona vilevile: mzazi akishasikia habari kama hii hukataa hata ile dhaifu aliyopewa hospitali, akamwacha mtoto aungue. Hofu hiyo nayo humdhuru mtoto.

Jioni moja mimi na dada tulimwaga mfuko wa dawa mkekani. Tulihesabu chupa na tyubu 17. Kila moja ilikuwa imetumika kidogo, ikaachwa. Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Dada yangu hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya bidii kupita kiasi. Tatizo lilikuwa anatafuta dawa ya kumaliza, na kila dawa isiyomaliza ndani ya wiki anaitupa na kuanza upya.

Kesho yake tukaenda hospitali. Tulikaa foleni tangu asubuhi hadi adhuhuri, hilo silifichi. Tuliyemkuta alikuwa afisa wa tiba aliyesomea magonjwa ya ngozi. Huenda hujui kwamba pale Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kuna chuo kinachofundisha maafisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi, kwa sababu madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kwa hiyo ukifika hospitali uliza: "Je, kuna kliniki ya ngozi hapa, na ni siku gani?" Swali dogo hilo lingetuokolea miaka miwili.

Yule bwana alimvua mtoto nguo zote, akamtazama mwili mzima, halafu akamwambia dada maneno mawili. La kwanza: "Mama, si kosa lako." Dada alijifunika leso usoni. La pili: "Huu haumalizwi, huu hulindwa. Wengi hupoa wakikua, lakini mpaka wakati huo tunaulinda."

Akatupa mfano wa nyumba zetu za kale za mawe. Ngozi ni ukuta, na kati ya mawe kuna chokaa. Mtoto huyu chokaa yake ni haba toka kuzaliwa. Unyevu unatoka, vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia, ndani kunawaka. Na hakuna mwenye nyumba anayepiga chokaa mara moja akasema nimemaliza mpaka kiama. Mafuta ndiyo chokaa. Steroidi ni ya kuzima moto ukiwaka. Ukishazimika, unarudi kwenye chokaa.

Kwa vitendo ilikuwa hivi. Mtoto aogeshwe kwa maji ya vuguvugu, dakika chache, bila sabuni ya manukato wala ya kuua vijidudu. Afutwe kwa kubonyezwa taulo, si kusuguliwa. Kabla ngozi haijakauka, apakwe mafuta mwili mzima, tena mengi, na arudiwe mara mbili tatu kwa siku hata siku ngozi iko nzuri. Siku ambayo ngozi iko nzuri ndiyo wazazi wengi huacha, na ndipo moto unaporudi. Akampa krimu dhaifu ya haidrokotisoni kwa uso na nyingine ya mwili, siku chache tu kila ukiwaka, akamwonyesha kipimo: kamua dawa kwenye ncha ya kidole chako cha shahada hadi mkunjo wa kwanza, hiyo yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Dada aliuliza mara tatu, akaonyeshwa mara tatu.

Mafuta gani? Hili ndilo swali lililoulizwa sana siku ya mada. Mwaka 2022 watafiti wa Bristol walitangaza matokeo ya watoto 550 wenye ukurutu waliogawiwa aina nne, za majimaji, krimu, jeli na mafuta mazito. Hakuna aina iliyozishinda nyingine. Bora ni ile ambayo mtoto ataikubali na wewe utaweza kuinunua mwezi hadi mwezi. Kopo kubwa la jeli nyeupe ya kawaida isiyo na manukato, linalouzwa kila duka, linatosha. Na wapwani tufurahi kidogo: huko Ufilipino, mwaka 2014, watoto 117 walipakwa ama mafuta safi ya nazi au mafuta ya madini kwa wiki nane, na wale wa nazi wakapata nafuu zaidi. Bibi alipoambiwa alisema, "Si niliwaambia?" Kusema kweli yeye alisema mkilifi, lakini tulinyamaza. Yawe mafuta safi ya nazi tu, yasiwe yametiwa asumini wala kitu cha kunukia.

Kuna aliyeuliza kuhusu maji yetu ya chumvi ya visima. Maji magumu yaweza kuikera ngozi, kweli, lakini usikope pesa ununue mtambo. Uingereza walijaribu mitambo ya kulainisha maji kwa watoto 336, matokeo yakatoka mwaka 2011, na haikuwasaidia zaidi ya tiba ya kawaida. Osha haraka, paka mafuta. Mwingine akauliza kuhusu Piriton. Humsinzisha mtoto tu. Mwasho wa ukurutu hauondoi sana. Na mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama kumpaka mtoto mafuta akiwa amefunga kunaharibu saumu yake. La, mama yangu, haiharibu, na hata ukijipaka wewe mwenyewe ngozini haiharibu.

Idd yaja, basi niseme na hili. Msimpake piko binti mwenye ukurutu. Hina ya majani ni nyingine. Piko nyeusi ni rangi ya nywele, na yaweza kuunguza ngozi nzima, sembuse iliyo mbovu. Nguo mpya zifuliwe kwanza kabla ya kuvaliwa. Kanzu ya nailoni na gauni la lesi humwasha. Pamba nyepesi ni bora. Udi na manukato vikae mbali na nguo zake.

Na hapa nakumbuka jambo tulilosoma madrasa na sikulitilia maanani mpaka nilipokaa na mpwa wangu. Hariri kwa wanaume ni haramu, twajua sote. Lakini masahaba wawili, Zubayr bin Awwam na Abdulrahman bin Awf, radhi za Allah ziwe juu yao, walikuwa na mwasho wa ngozi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaruhusu kuvaa hariri kwa ajili hiyo. Katika Bukhari na Muslim imo. Watu wazima, mashujaa wa vita, na kuwashwa kwao kulihesabiwa udhuru. Sisi mtoto wa miaka miwili analia tunamwambia, "Wacha kujikuna!" kama kwamba anapenda.

Msomeeni, mumwombee dua, hilo sina neno, na mimi mwenyewe nilimsomea kila usiku. Ila kusoma hakuzuii mkono mwingine kushika kopo la mafuta. Na ukiona ngozi inatoa majimaji na magamba ya manjano, au homa, au malengelenge madogo yaliyojaa ghafla mahali pamoja na mtoto amelegea, usingoje kliniki wala Idd. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Kwa akina baba nina ombi moja. Kupaka mtoto mwili mzima huchukua dakika kumi. Shemeji yangu mwanzo alisema hizo ni kazi za wanawake. Nilipokuwa pale nilichukua zamu ya usiku mimi, naye akaona haya, akachukua ya alfajiri akitoka msikitini. Wiki ya tatu dada yangu alilala usiku mmoja mzima. Tulidhani ni mgonjwa, tukaenda kumwangalia.

Mpwa wangu sasa ana miaka minne. Ukurutu bado anao. Msimu wa joto la kaskazi huwaka kwenye viwiko, tunauzima, unatulia. Samaki anakula, na mayai. Juzi tukingoja adhana ya magharibi alikuja na kopo lake, akalifungua mwenyewe, akanipa mkono nimpake, halafu akachota kidogo na yeye akanipaka mimi.

Wabillahi tawfiq.